Keneli ya juu na keneli ya chini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Linux iliyo kwenye simu, bodi na seva zetu

Maswali haya kuhusu keneli, yaani kiini cha Linux kinachounganisha programu na vifaa, hunijia kutoka kwa watu wa aina mbili. Wapo wanaojenga keneli wenyewe kwa ajili ya bodi (kompyuta ndogo ya kipande kimoja) au simu fulani, na wapo ambao hawajawahi kukompaili chochote, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, ila wanataka kuelewa kwa nini simu yao haipati marekebisho wakati wengine wanapata. Mifano mingi nimeitoa kwenye Android, kwa kuwa hiyo ndiyo Linux iliyo mifukoni mwetu.

Watu wakisema "juu" na "chini" wanamaanisha nini?

Watengenezaji wa Linux huzungumza kama watu wanaoishi kando ya mto mmoja. Juu kabisa kuna mti mkuu wa keneli, yaani mkusanyiko rasmi wa msimbo wake, ule ambao Linus Torvalds ameusimamia tangu alipoitangaza Linux mwezi Agosti 1991. Matoleo kama 6.6 au 6.12 hutoka hapo. Yeyote anayeuchukua mti huo, akauweka kwake na kuongeza vitu vyake, yuko chini. Debian wako chini. Red Hat wako chini. Android, Raspberry Pi, kampuni iliyotengeneza chipu ya simu yako, na kampuni iliyoandika jina lake mgongoni mwa simu hiyo, wote wako chini, kila mmoja kwa umbali wake.

Kuwa chini si kosa. Karibu kila simu na seva unayoifahamu inaendeshwa na keneli ya chini, maana mti mkuu hauwezi kumtosheleza kila mtu siku hiyohiyo anapohitaji kitu. Cha kuangalia ni umbali, na kama kinachorekebishwa chini kinarudi juu. Mfano wa mto unafaa mpaka hapo tu. Maji hayapandi mlima, lakini viraka lazima vipande.

Kiraka ni nini?

Ni badiliko lililoandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kulishona kwenye msimbo wake. Mistari inayoondolewa ina alama ya kutoa mwanzoni, inayoongezwa ina alama ya kujumlisha, na mistari michache ya jirani huachwa kama ilivyo ili programu ijue mahali pa kushona. Juu yake kuna maelezo: nini kilikuwa kibovu, kwa nini, na nani anakiwajibikia kiraka hicho. Maelezo mazuri mara nyingi ni marefu kuliko kiraka chenyewe.

Mti mkuu hutoaje matoleo yake?

Kila baada ya wiki 9 au 10 hutoka toleo jipya. Wiki 2 za mwanzo ni dirisha la kuunganisha: watunzaji wa sehemu mbalimbali, kama mtandao, mifumo ya mafaili, sauti au chipu za ARM (aina iliyo kwenye simu nyingi), humpelekea Torvalds kazi waliyoikusanya. Dirisha likifungwa hutoka rc1, toleo la majaribio, halafu karibu kila Jumapili rc nyingine, kwa kawaida mpaka rc7 au rc8. Kipindi hicho ni cha kurekebisha kasoro, si cha kuleta mambo mapya.

Toleo moja hubeba viraka zaidi ya 10,000. Aliye chini akisimama mwaka mmoja tu, atakuta mti mkuu umemwacha kwa matoleo matano au sita. Piga hesabu mwenyewe ni viraka vingapi hivyo.

Na haya matoleo "thabiti" na ya "muda mrefu"?

Toleo likishatoka, Torvalds anaendelea na lijalo. Marekebisho ya lile lililotoka hukusanywa kwenye tawi thabiti (tawi ni nakala ya msimbo inayoendelezwa kwa njia yake), kazi inayoongozwa na Greg Kroah-Hartman pamoja na Sasha Levin. Ndiyo maana baada ya 6.6 unaona 6.6.1, 6.6.2 na kuendelea. Kila mwaka toleo moja hutunzwa kwa miaka kadhaa: 5.4 ni la mwaka 2019, 5.10 la 2020, 5.15 la 2021, 6.1 la 2022, 6.6 la 2023 na 6.12 la 2024. Mtu yeyote aliye chini na mwenye busara hujenga juu ya mojawapo ya matoleo ya namna hiyo ambalo bado linatunzwa.

Tawi thabiti lina sheria moja kubwa: kiraka hakiingii huko kabla hakijaingia kwenye mti mkuu. Wengi huiona sheria hii kuwa urasimu. Kwangu mimi ndiyo inayoushikilia mradi mzima. Bila hiyo, mtu angerekebisha kasoro kwenye 6.6, akasahau kuipeleka juu, na wewe ukihamia 6.12 ungeikuta inakungoja mlangoni.

Msimbo hupita mikono mingapi kabla ya kufika kwenye simu yangu?

Kwa utaratibu wa zamani wa Android, mikono mitano. Mti mkuu huzaa tawi la muda mrefu. Google huchukua tawi hilo na kuongeza mambo ya Android. Hilo huitwa tawi la pamoja la Android. Mtengenezaji wa chipu hulichukua tawi la pamoja na kuongeza draiva za chipu yake, yaani msimbo unaoiwezesha keneli kukiendesha kifaa fulani. Mwisho, mtengenezaji wa simu huchukua kazi ya mwenye chipu na kuongeza kamera, skrini, chaja na kila alichokinunua kwa bei nafuu mwaka huo. Nyaraka za Android zenyewe zinakiri kwamba hadi nusu ya msimbo wa keneli unaoendesha simu ungeweza kuwa haupo kwenye mti mkuu wala kwenye tawi la pamoja.

Sasa kirudishe kiraka kimoja cha usalama kwenye safari hiyo. Kila mkono unaweza kukiangusha.

Kwani kuna ubaya gani, mradi simu inafanya kazi?

Nitakusimulia kisa kimoja kinachojulikana, na ningeomba kila anayeunda kifaa akikumbuke tarehe kwa tarehe.

Mwezi Novemba 2017 syzbot, mfumo wa Google unaoipiga keneli kwa maombi ya kila aina usiku na mchana ili kuona itaangukia wapi, uligundua kasoro kwenye Binder. Binder ni sehemu ya keneli ambayo programu za Android hupitia zinapozungumza zenyewe kwa zenyewe. Kasoro ilikuwa hivi: keneli iliachilia kipande cha kumbukumbu, kisha ikaendelea kukitumia kana kwamba bado ni chake. Anayejua kukijaza kipande hicho na vitu vyake anaweza kuitawala simu nzima.

Februari 2018 kiraka kikatoka. Kilikuwa cha mistari michache. Kikaingia kwenye tawi thabiti la 4.14, na kwenye matawi ya pamoja ya Android ya 3.18, 4.4 na 4.9. Hakikupewa namba ya CVE, utambulisho rasmi wa kasoro ya usalama, kwa hiyo walioishi kwa kusoma orodha za CVE hawakukiona. Kwa watu wa juu, jambo lilikuwa limekwisha.

Septemba 2019, Maddie Stone wa Project Zero, timu ya Google inayotafuta kasoro za usalama, aliripoti kwamba kasoro hiyohiyo ilikuwa ikitumika kushambulia simu za watu. Simu zilizoathirika zilikuwa pamoja na Pixel 2, Samsung S7, S8 na S9, Huawei P20 na Xiaomi Redmi 5A. Pixel 2 ni simu ya Google yenyewe, kampuni ileile iliyoigundua kasoro na iliyokuwa na kiraka kwenye tawi lake la pamoja. Hapo ndipo ilipopewa namba, CVE-2019-2215, na marekebisho yakatoka na taarifa ya usalama ya Android ya Oktoba 2019.

Miezi 19 ilipita tangu kiraka kiandikwe. Hakuna aliyeshindwa kukiandika, na hakuna aliyekificha. Kilibaki njiani tu, kati ya tawi moja na jingine. Ninapoona wakala wa M-Pesa akihudumia foleni ya watu kwa simu ambayo keneli yake haijaguswa miaka mitatu, umbali huo wa juu na chini unaacha kuwa mada ya mafundi. Ni fedha za watu.

Kwa nini basi kampuni haziupeleki msimbo wao juu?

Sababu ya kwanza ni muda. Simu hubuniwa, huuzwa na kusahauliwa ndani ya kipindi kifupi, na draiva kubwa inaweza kuchukua mwaka mzima kukaguliwa huko juu. Mhandisi aliyeiandika anakuwa ameshahamishiwa kwenye chipu ijayo. Sababu ya pili ni kwamba msimbo ulioandikwa ili chipu moja ifanye kazi kabla ya siku ya mauzo mara nyingi haufai kwa mwingine yeyote, na mwandishi wake anajua hivyo. Mwaka 2011 Torvalds alilalamika hadharani kuhusu hali ya msimbo wa ARM: kila chipu ilikuja na folda yake, ikirudia mambo yaleyale kwa njia yake. Malalamiko hayo yalisaidia sana. Matokeo yake, maelezo ya vifaa yalihamishwa kwenda kwenye mafaili ya mti wa vifaa (device tree), na watunzaji wakapewa jukumu la kukusanya kazi zote za chipu za ARM mahali pamoja.

Sababu ya tatu ni ngumu zaidi: wakati mwingine walio chini hupeleka, na walio juu hukataa. Kisa cha Android kinafaa hapa. Simu inahitaji kulala usingizi mzito kila inapopata nafasi ili betri idumu, na Android waliweka kufuli ambalo programu hulishika ili kuizuia isilale kazi ikiendelea. Walipoleta utaratibu huo juu, mwaka 2009 na 2010, watunzaji waliukataa muundo wake na mjadala ukawa mrefu na mchungu. Draiva za Android, ambazo wakati huo zilikuwa kwenye folda ya `drivers/staging` pamoja na msimbo mwingine ambao bado haujakidhi viwango, ziliondolewa kwenye toleo la 2.6.33 mwanzoni mwa 2010.

Ziliporudi ilikuwa toleo la 3.3, Machi 2012. Mwaka huohuo toleo la 3.5 lilileta utaratibu mwingine, ulioandikwa na Rafael Wysocki, unaokidhi haja ileile kwa muundo ambao watunzaji waliukubali. Binder ilitolewa staging na kupewa makao rasmi kwenye 3.19, mwaka 2015. Ashmem, njia ya Android ya kushirikiana kumbukumbu, haikufika huko kamwe. Iliondolewa kwenye 5.18 mwaka 2022, Android ikiwa imeshahamia kwenye memfd, njia ya mti mkuu ya kufanya kazi hiyohiyo.

Watu huuliza nani alikuwa na haki. Nikisoma mabishano yale, naona walio juu walikuwa sahihi kuhusu muundo na walio chini walikuwa sahihi kuhusu haja. Kosa la Android lilikuwa kuja na mamilioni ya simu zikiwa tayari zinategemea muundo ambao hakuna aliyekuwa ameukagua. Wangekuja mapema, wangebishana juu ya wazo badala ya kubishana juu ya bidhaa iliyoko sokoni.

Leseni ya GPL haiwalazimishi kupeleka msimbo juu?

Hapana, na hapa wengi hujichanganya. GPL toleo la 2, ambayo ndiyo leseni ya keneli, inamlazimu anayekupa keneli iliyokompailiwa akupe na msimbo wake, au akupe ahadi ya maandishi, inayodumu angalau miaka mitatu, kwamba atautoa ukiuomba. Ni haki yako wewe uliyenunua simu au ruta. Haimlazimu kumtumia Torvalds chochote, wala kukuonyesha viraka kimoja kimoja. Furushi moja la msimbo bila historia linatosha kisheria, na ni tabu tupu kulifanyia kazi.

Draiva niliyopewa na muuzaji wa bodi inakataa kukompaili kwenye keneli mpya. Kosa ni la nani?

Si lako. Keneli ina ahadi mbili tofauti. Kwa programu za kawaida, ahadi ni kwamba kilichofanya kazi jana kitafanya kazi kesho, na Torvalds ni mkali sana juu ya hilo. Kwa msimbo ulio ndani ya keneli, hakuna ahadi yoyote: mtunzaji akiona njia bora ya kupanga kazi fulani, anabadilisha fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) na kurekebisha kila draiva inayoitumia. Kila draiva iliyo ndani ya mti, yaani. Iliyo nje haionekani, kwa hiyo hairekebishwi.

Niliwahi kupewa bodi yenye keneli ya 4.9 na draiva ya Wi-Fi iliyokuja kwenye faili la zip. Nilitaka kuipeleka 5.10. Kosa la kwanza lilikuwa `setup_timer`, fanksheni iliyoondolewa kwenye 4.15 na nafasi yake kuchukuliwa na `timer_setup`. La pili, `access_ok`, ambayo tangu 5.0 inapokea vitu viwili badala ya vitatu. La tatu lilikuwa faili la `/proc`, ambalo tangu 5.6 linataka muundo unaoitwa `proc_ops`. Kila moja lilichukua dakika chache, ikakompaili, nikafurahi.

Wi-Fi ilidumu chini ya saa moja, kisha bodi nzima ikaganda. Kwenye `setup_timer`, fanksheni ya saa ilikuwa ikipokea namba ambayo ndani yake mwandishi wa draiva alificha anwani ya data zake. Kwenye `timer_setup` inapokea anwani ya saa yenyewe, na kwenye 5.10 ulitakiwa kuifikia data yako kupitia `from_timer`. Nilikuwa nimelazimisha aina ya fanksheni ilingane ili kompaila inyamaze. Ikanyamaza, na draiva ikawa inaandika juu ya kumbukumbu isiyo yake. Draiva iliyo ndani ya mti mkuu ilipitishwa kwenye badiliko hilohilo na watu wanaolifahamu, bila mwenye draiva kugusa kitu. Hiyo ndiyo thamani ya kuwa juu, na hakuna leseni wala mkataba unaokupa.

Seva yangu ya Red Hat inaonyesha keneli 4.18. Mbona ni ya zamani hivyo?

Namba hiyo isikutishe wala isikutulize. RHEL 8 (RHEL ni Red Hat Enterprise Linux) ilianzia kwenye 4.18 na RHEL 9 kwenye 5.14, na namba haibadiliki, lakini ndani yake wamerudisha maelfu ya viraka kutoka matoleo mapya zaidi. Draiva nyingi humo ni za miaka iliyofuata kabisa. Wanafanya hivyo ili programu na draiva za wateja zilizojengwa kwa toleo hilo zisivunjike kwa miaka mingi.

Gharama yake ni kwamba keneli hiyo haifanani tena na 4.18 ya Torvalds wala na nyingine yoyote. Kiraka cha juu hakikai chenyewe. Mtu lazima akitengeneze upya kwa mkono, na kila anapofanya hivyo anaweza kukosea kwa namna ambayo haikuwepo juu. Red Hat wana wahandisi wengi wa keneli, na wana desturi ya kupeleka kazi juu kwanza kabla ya kuirudisha kwao, kwa hiyo wanamudu. Kampuni ya watu wanne inayojaribu kuiga utaratibu huo kwenye bodi yake inajitafutia balaa.

Si afadhali nichukue viraka vya usalama peke yake, vingine niviache?

Ningekushauri usifanye hivyo. Rudi kwenye kisa cha Binder: kiraka kilichokuwa cha muhimu kuliko vyote hakikuwa na namba ya CVE. Wanaotunza keneli wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba karibu kasoro yoyote ya keneli inaweza kugeuka tundu la usalama, na wakati wa kuirekebisha huwezi kujua ipi. Tangu Februari 2024 mradi wa keneli hutoa wenyewe namba za CVE, na zimekuwa nyingi mno kwa sababu hiyohiyo. Chukua tawi thabiti lote, lijaribu kwenye kifaa chako, lipeleke kwa wateja. Kazi ya kuchambua kiraka hiki ndiyo, kile hapana, itakula muda mwingi kuliko kujaribu vyote.

GKI imebadilisha nini?

Imebadilisha mengi. GKI (Generic Kernel Image) ni keneli moja ya Android ambayo Google huijenga, na simu za watengenezaji tofauti huitumia ileile. Mwenye chipu na mwenye simu huweka draiva zao pembeni kama moduli zinazochomekwa kwenye keneli hiyo kupitia mpaka maalumu uitwao KMI, ambao hauvunjwi katika maisha ya tawi husika. Ilianza na Android 11 kwenye 5.4, na ikawa lazima kwa simu zinazozinduliwa na Android 12 zenye keneli ya 5.10 au mpya zaidi. Mikono mitano niliyoitaja juu imepungua: kiraka kinachorekebisha kiini cha keneli kinaweza kufika bila kusubiri mwenye chipu akishone kwanza kwenye mti wake.

Isipokuwa draiva zenyewe bado ziko nje. Kasoro iliyo kwenye draiva ya GPU au kamera ya mwenye chipu haimo kwenye GKI, na wa kuirekebisha ni yeye peke yake. Ni hatua kubwa, ila safari haijaisha.

Kwenye historia ya Android naona maneno kama UPSTREAM na BACKPORT mwanzoni mwa kila kiraka. Yanasemaje?

Yanasema kiraka kimetoka wapi, na natamani kila tawi la chini lingeiga desturi hii. `UPSTREAM:` ni kiraka kilichochukuliwa kwenye mti mkuu bila kubadilishwa. `BACKPORT:` kimetoka mti mkuu lakini kimebadilishwa ili kikae kwenye toleo la zamani. `FROMGIT:` kimeshakubaliwa na mtunzaji wa sehemu husika, hakijafika kwa Torvalds. `FROMLIST:` kimetumwa kwa ukaguzi na bado kinajadiliwa. `ANDROID:` ni cha Android peke yao.

Tawi la kampuni yako likiwa na alama hizi, siku ya kuhamia toleo jipya unajua la kufanya. Vyote vya `UPSTREAM:` vinaanguka vyenyewe kwa kuwa vimo tayari. Vinavyobaki mkononi ndivyo deni lako halisi, na unaweza kuvihesabu.

Je, kuna tawi la chini lililowahi kurudi juu lote?

Lipo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. PREEMPT_RT ni viraka vinavyoifanya Linux itii muda kwa uhakika, kiasi cha kuweza kuendesha mitambo ya kiwandani, ambako kuchelewa kidogo ni hatari. Vilianza miaka ya 2004 na 2005, na Ingo Molnar na Thomas Gleixner wakiwa miongoni mwa waanzilishi. Vingeweza kubaki mradi wa pembeni milele. Badala yake walivimega kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na faida kwa kila mtu. Saa zenye usahihi mkubwa, vichunguzi vya makufuli, zana ya ftrace ya kufuatilia kinachoendelea ndani ya keneli: vitu ambavyo leo kila anayetumia Linux anavyo, vimetokea kwenye kazi ile.

Kipande cha mwisho kilichowazuia kilikuwa `printk`, fanksheni ya kuandika ujumbe kwenye daftari la matukio ya mfumo (log). Inaonekana ndogo, lakini inaitwa kutoka kila mahali, hata keneli ikiwa inakufa. Septemba 2024, watunzaji walipokutana Vienna, Gleixner alimkabidhi Torvalds ombi la kuunganisha likiwa limechapwa kwenye karatasi na kufungwa kama zawadi. Siku chache baadaye likaunganishwa, na toleo la 6.12 la Novemba 2024 likatoka nalo. Miaka 20 ya kulibeba tawi mgongoni, kulihamisha toleo baada ya toleo, ilikwisha siku hiyo.

Nina kiraka changu. Nianzie wapi?

Anza kwa kukijaribu kwenye mti mkuu wa sasa, si kwenye keneli ya muuzaji wako. Watu wa juu hawawezi kukusaidia na kasoro ambayo huenda imeletwa na muuzaji. Kiraka kiwe na jambo moja tu. Eleza tatizo kwanza, kisha dawa. Kama unarekebisha kitu kilichoharibiwa na kiraka cha awali, kitaje kwa mstari wa `Fixes:`, na kama kinafaa matoleo thabiti ongeza `Cc: stable@vger.kernel.org`. Mstari wa `Signed-off-by:` ni tamko lako kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Uliwekwa mwaka 2004, baada ya kesi za SCO, kampuni iliyodai kuwa msimbo wake umo ndani ya Linux, kuleta maswali kuhusu asili ya kila mstari wa Linux.

Endesha `scripts/checkpatch.pl` kuona makosa ya mtindo, halafu `scripts/get_maintainer.pl` ikutajie watunzaji wa faili uliyoigusa. Tuma kwa `git send-email` (git ni programu inayotunza historia ya msimbo), maandishi matupu, bila viambatisho. Hakuna fomu ya kujaza wala ofisi ya kupita. Kiraka cha mtu aliye Mwanza au Bujumbura husomwa kwa vigezo vilevile na cha mwajiriwa wa Intel.

Wamekijibu kwa ukali, au hawakujibu kabisa. Nimeshindwa?

Hapana. Toleo la kwanza la kiraka kukubaliwa kama lilivyo ni nadra, hata kwa wazoefu. Jibu kila hoja, rekebisha, tuma tena ukiandika v2, na chini ya mstari wa vistari vitatu eleza ulichobadilisha. Kama kumekuwa kimya, subiri wiki mbili, hakikisha dirisha la kuunganisha halijafunguliwa, kisha kumbushia kwa upole. Mtunzaji mmoja anaweza kuwa na mamia ya viraka mbele yake.

Nitajuaje kama marekebisho fulani yamefika kwenye keneli yangu?

Anza na amri ya `uname -r`, inayoonyesha toleo la keneli. Kwenye simu ya GKI utaona kitu kama `5.15.104-android13-8`, ikifuatiwa na herufi nyingine. 5.15.104 ni toleo la muda mrefu ilikotoka, android13 ni tawi la Android, na 8 ni kizazi cha mpaka wa KMI. Ukiwa na hiyo namba ya kwanza unaweza kutazama kama kiraka unachokitafuta kiliingia kabla au baada ya 5.15.104.

Kama una msimbo wenye historia, kumbuka kwamba kiraka kikishushwa kwenye tawi thabiti kinapata utambulisho mpya, kwa hiyo kuutafuta ule wa mti mkuu kwenye orodha ya git hakutakupa kitu. Utafute ndani ya maelezo. Viraka vya tawi thabiti hubeba mstari unaosema `commit`, utambulisho wa mti mkuu, kisha `upstream`. Waliotumia `git cherry-pick -x` huwa na mstari kama huo mwishoni. Amri ya `git log --grep` ikipewa herufi 12 za mwanzo za utambulisho huo itakuonyesha.

Kama ulichopewa ni furushi tu bila historia, fungua faili lenyewe na usome. Kwa kasoro ya Binder, faili ni `drivers/android/binder.c` na fanksheni ni `binder_thread_release`. Ukikuta humo mstari wenye `POLLFREE`, kiraka kimefika. Usipoukuta kwenye keneli ya zamani ya 4.4 au 4.9, mwandikie aliyekuuzia kifaa, na umtajie faili na fanksheni kwa majina.